Mashine Ilipoachiwa Jumamosi

Sijawahi kuwa mtu wa kutulia. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nikiwa nimesimama. Kazi niliyoipata katikati ya miaka ya tisini ilinifaa kwa sababu hiyo hiyo: ilikuwa kazi ya kutotulia, na nililipwa kwayo.

Nilikuwa mwendeshaji wa kompyuta katika kampuni moja ya kununua mazao, Migori mjini. Usiifikirie kompyuta ya kuweka mezani. Ilikuwa mtambo mkuukuu ulionunuliwa kutoka ofisi ya Nairobi iliyokuwa imeuchoka, mkubwa kama makabati matatu yaliyopangwa ukutani, na ulikuwa na chumba chake chenye kipoza hewa huku sisi wafanyakazi tukijipepea kwa mafaili. Mtambo ulikuwa mmoja, lakini ndani ulikuwa umegawanywa sehemu mbili, na kila sehemu ilijiona kuwa kompyuta kamili. Sehemu moja ilikuwa ya Migori, ya maghala ya mahindi na karanga. Ya pili ilikuwa ya Homa Bay, iliyofika kwetu kwa waya wa simu kutoka kwenye mizani ya samaki ufukweni. Zilikuwa kama wake wenza wawili, kila mmoja na nyumba yake na jiko lake, lakini ng'ombe wa kulima ni jozi moja. Kazi yangu ilikuwa kuamua ni nani alime sasa hivi.

Asubuhi samaki walipoingia niliipa Homa Bay sehemu kubwa ya kumbukumbu na nguvu za mtambo. Mizani ikitulia, niliandika amri chache nikaichukua nguvu hiyo na kuipa Migori, ambako ripoti za ghala zilikuwa zikijikokota. Mitumbwi ikija tena, nilirudisha. Hivyo hivyo mchana kutwa, huku na huku, na ole wangu nikichukua mapema.

Ndiyo maana sikuchukua kamwe bila kupiga simu. Hilo halikuwa kwenye kitabu chochote cha mtambo. Upande wa pili alikuwa karani wa mizani, mama Mkatoliki wa makamo ambaye kwa mwaka mzima wa kwanza nilimjua kwa sauti tu.

"Mama, naweza kuchukua?"

"Bado, nyathina. Kuna mitumbwi mbili naona inakuja. Ngoja kidogo."

Nyathina ni mwanangu kwa Kijaluo. Aliniita hivyo tangu siku ya kwanza, nami nikalikubali.

Shida yangu ilikuwa Jumamosi. Mimi ni Msabato wa kuzaliwa. Kwa miaka miwili mwenzangu alikuwa akinishikia Jumamosi nami nikimshikia Jumapili, kisha akapata kazi Kisumu akaondoka. Meneja hakuwa mtu mbaya, ila hakuwa na mtu mwingine. Aliniambia, "Madam, Saturday ni siku ya kazi kama zingine. Chagua."

Nikamwomba aniache nichague kitu cha tatu. Nilimwambia nitauandikia mtambo programu ya kugawa nguvu zake wenyewe, bila mkono wa mtu. Alicheka, lakini akanipa Jumamosi tatu za kujaribu. Zikipita bila mtu kugusa chochote, Jumamosi itakuwa yangu daima. Zisipopita, nitakuja kazini siku ya Sabato au nitarudisha funguo.

Niliiandika programu hiyo kwa miezi miwili, saa za chakula cha mchana, muhogo mkono mmoja na kalamu mwingine. Kanuni yake kuu ilikuwa rahisi, nami niliionea fahari. Homa Bay ikikaa kimya dakika ishirini, mtambo uchukue nguvu uipe Migori. Kazi ikitokea Homa Bay, mtambo urudishe. Hakuna simu, hakuna kuuliza.

Jumamosi ya kwanza nilikaa kanisani mwisho wa benchi, mguu ukicheza wenyewe chini ya sketi. Nilitazama saa kila dakika mbili. Sasa wanapima. Sasa wametulia. Sasa imechukua. Mwalimu wa shule ya Sabato aliniuliza Israeli walizunguka nyikani muda gani, nami nikajibu, "Dakika ishirini." Watu walicheka hadi mzee wa kanisa akafuta macho. Nilicheka nao, lakini moyo ulikuwa kwenye kile chumba baridi.

Ilipita salama. Ya pili ikapita salama. Nilianza kutembea mjini kama mtu aliyejenga daraja.

Ijumaa kabla ya ile ya tatu nilipiga simu Homa Bay kuuliza mitumbwi mingapi inatarajiwa kesho. Karani alikuwa na sauti nzito. Akaniambia ndugu yake, aliyekuwa mpakiaji pale pale kwenye mizani, amefariki, na kesho wanamtoa mochari wampeleke nyumbani Kisegi kumzika. Wangepita naye ufukweni kwanza, wenzake wamuage. Yeye angepima samaki mpaka lori la samaki liondoke, kisha amfuate.

"Pole sana, mama," nilisema. Kisha, Mungu anisamehe, nikauliza, "Kwa hivyo mitumbwi itakuwa mingapi?"

Kesho yake mahubiri yalikuwa katikati nilipomwona mlinzi wa ofisi yetu dirishani, Mkuria wa Ntimaru, kofia mkononi. Nilitoka nje. Ilikuwa saa nne hivi.

"Madam, Homa Bay wamepiga simu. Mashine imekataa."

"Imekataa vipi?"

"Hawakusema. Wanasema uje."

Nilipandwa na hasira. Siyo hasira ya mtambo, ni ya kuitwa. Jumamosi ya tatu, imebaki nusu siku, halafu niende nikaiguse, jaribio lote liharibike? Nilimwambia awaambie ni Sabato, wangoje kidogo, itajirekebisha yenyewe. Nikarudi ndani. Sikusikia neno moja la mahubiri. Nilikuwa nikibishana na meneja kichwani, na nilikuwa nikimshinda.

Saa tano na nusu mlinzi alirudi, safari hii akikimbia. "Madam, huyo mama analia kwa simu."

Hapo nikaenda. Tulikwenda kwa miguu mbio hadi ofisini, na kwenye skrini nikaona muda wa kimya, nikakumbuka maneno ya karani ya Ijumaa, nikaelewa kila kitu kwa mara moja. Maiti ilipofika ufukweni watu wote waliacha kazi, kama inavyopasa. Wapimaji, wapakiaji, wenye mitumbwi, wote walisimama wakamlilia mwenzao. Mizani ilikaa kimya zaidi ya nusu saa. Programu yangu ilihesabu dakika ishirini, ikaona hakuna anayehitaji nguvu, ikachukua, na kimya kilivyoendelea ikazidi kuchukua hadi karibu zote. Waliporudi kazini, sehemu yao ilikuwa imebaki dhaifu hivi kwamba haikuweza hata kupokea kreti ya kwanza. Na kwa kuwa haikupokea kitu, mtambo uliendelea kuamini kwamba Homa Bay iko kimya. Wangeweza kukaa hivyo hadi jioni.

Kwa simu karani angeniambia, "Ngoja, nyathina, tuko na msiba." Mtambo haukuuliza, kwa sababu mimi niliuambia usiulize.

Sasa sikiliza unafiki wangu. Sikutaka kugusa kibodi siku ya Sabato. Nilisimama mlangoni, mikono nyuma, nikamwelekeza mlinzi abonyeze herufi moja moja, yeye ambaye hajawahi kugusa hata taipureta. Alikosea mara tatu. Alikuwa akinitazama baada ya kila herufi kama anayetafuta nyoka chini ya meza. Amri ambayo mimi ningeiandika kwa dakika moja ilimchukua karibu nusu saa. Saa sita ilipopita nguvu zilirudi Homa Bay, nasi tukaona tiketi za samaki zikianza kutoka. Lori halikuruhusiwa kuondoka bila tiketi za mashine, na aliyekuwa na ruhusa ya kuzitoa ni karani peke yake.

Nilirudi kanisani wakati watu wakila chakula cha pamoja.

Jumatatu meneja alisoma ripoti za juma. Lori la Homa Bay lilichelewa Jumamosi, akasema, lakini malori huchelewa. Hakuuliza zaidi. Nilianza kueleza, akainua mkono. "Madam, kazi nzuri. Jumamosi ni yako." Nilikuwa nimeitaka Jumamosi hiyo kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, nami nikamshukuru nikatoka.

Siku hiyo hiyo mchana niliiongezea programu kanuni moja: kabla ya kuchukua chochote Homa Bay, iandike swali kwenye skrini ya mizani na ingoje jibu la karani. Asipojibu, isiguse kitu. Kisha nikapiga simu, ingawa sasa sikuhitaji kupiga.

"Mama, mlimzika salama?"

"Walimzika saa nane," alisema. "Mimi nilipata pikapu imechelewa. Nilifika Kisegi nikakutana na watu kwa barabara wakirudi. Nikaona tu udongo."

Nilianza kuomba msamaha. Nilisema mengi, haraka haraka, juu ya dakika ishirini na sehemu na kumbukumbu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonichoma.

"Sasa nyathina, mlinzi aliniambia uko kanisa. Nikasema sawa, angalau mtu mmoja ako kwa maombi. Ulimwombea ndugu yangu?"

Jina la ndugu yake sikulijua hata. Sikuwa nimeuliza.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Nilimwombea."

"Erokamano," akasema. Asante. Na sauti yake ikawa nyepesi kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa.