Mwanangu Mwenye Ndevu Aliniomba Nimbebe

Mimi ndiye mwenye kosa. Nakwambia mapema kabla hujanionea huruma, maana nikianza na habari za uzee wangu na magoti yangu utadhani natafuta pa kujifichia. Sina pa kujifichia. Nilimkana mwanangu wa kumzaa mbele ya watu, na nilijua ninachokifanya.

Naishi Butiama, nafuga na kulima kidogo. Nilisoma mpaka kidato cha nne, enzi ambazo kidato cha nne kilikuwa kitu. Jina langu liache. La mwanangu nalo silitaji. Hapa nitamwita Wambura.

Wambura ana miaka thelathini na kitu. Alikuwa akiishi Kigera, Musoma mjini, akifanya kazi kwenye boti ya kubeba dagaa kutoka kisiwa cha Rukuba. Siku moja dhoruba ikapindua ile boti. Wenzake wawili walizama huku akiwaona. Yeye alishikilia dumu tupu mpaka akaokolewa, akaletwa nyumbani mzima, hana hata mchubuko.

Mzima! Ndivyo tulivyodhani.

Mvua ya kwanza kubwa ilipopiga bati, nilimkuta amejikunyata nyuma ya pipa la maji, kola ya shati iko mdomoni, anaitafuna. Nikamwita. Akaniangalia kwa macho ambayo sikuwa nimeyaona kwa miaka mingi, akasema kwa sauti nyembamba, "Baba, mvua inapiga kelele."

Nikadhani amelewa. Baadaye nikadhani ni mapepo, tukamwombea mpaka sauti zikatukauka. Mke wangu ndiye aliyesema, "Basi. Kesho twende hospitali."

Daktari wa afya ya akili kule Musoma alikaa naye peke yao kwanza, kisha akatuita.

"Mzee, haigizi," akaniambia. "Wala hajawa kichaa. Akili yake ikielemewa inarudi utotoni kupumzika. Ikishapumzika inarudi yenyewe."

"Utotoni, umri gani?"

"Hilo mtajifunza nyumbani. Kuna wanaorudi kwenye umri mmoja tu. Wengine wana umri tofauti tofauti, na kila mmoja una mahitaji yake. Akibadilika, msikimbilie kumrudisha. Jiulizeni kwanza, huyu wa leo ni wa miaka mingapi? Mkishajua, mtunzeni kama wa umri huo. Na kitu kimoja, mzee, msimwite huko. Aende mwenyewe, arudi mwenyewe."

Nikaitikia kwa kichwa. Kuitikia ni rahisi sana!

Mke wangu alielewa haraka kuliko mimi. Alimtambua Wambura kwa vitu vidogo. Akiwa ametia kola mdomoni, huyo ni wa miaka minne. Wa minne alikatiwa matonge madogo, hakutaka mlango ufungwe, na mikono ileile iliyobeba magunia ya dagaa ilishindwa kufunga vifungo vya shati. Hakutaka kazi wala maswali. Alitaka mtu akae karibu naye, basi.

Akiuliza manati yake iko wapi, huyo ni wa tisa. Alikuwa mchangamfu huyo! Aliwajua ndama kwa majina, akabishana nami kuhusu ng'ombe gani ni mama wa nani, akataka kutumwa na akataka kusifiwa.

Na akikaa nyuma ya nyumba anachonga vijiti bila kusema neno, huyo alikuwa wa kumi na mbili. Ukimbembeleza anakasirika. Ukimdanganya anajua. Huyo ulimweleza ukweli ukamwacha.

Siku moja, akiwa mtu mzima, Wambura mwenyewe alinieleza tukiwa tunarekebisha boma la ng'ombe. "Baba, nakumbukaga yote. Nikiwa mdogo kabisa nataka mtu wa kuniangalia. Nikiwa wa tisa nataka kazi. Ukinichanganya, naumia."

"Nimekuelewa, mwanangu."

"Kweli baba?"

"Nimesema nimekuelewa."

Ndugu yangu, sisi watu wa huku umri ndicho kitu tunachokijua kuliko vyote! Kila mwanaume ana rika lake. Kabla sijakaa na mtu najua rika lake, najua nimwamkie vipi, nimtanie au nisimtanie, nani aanze kunywa. Ukikosea unatozwa mbuzi. Mimi mwenye ujuzi wote huo nilishindwa kuheshimu umri wa mtoto aliye ndani ya nyumba yangu.

Nilianza kukosea kwa yule wa tisa.

Kijana aliyekuwa akinichungia alikuwa ameondoka, na magoti yangu hayapendi mlima. Halafu nikagundua kwamba ninaye mchungaji mwenye nguvu za mwanaume na utii wa mtoto, na tena anafurahi kutumwa. Jamani! Nani angekataa? Mimi sikukataa.

Kuna mluzi ambao tangu zamani naitia ndama. Wambura alipokuwa mtoto kweli, akiusikia alikuja mbio. Sasa nikawa naupiga hata akiwa amekaa zake kama mtu mzima, anasikiliza redio. Naupiga mara moja, mara mbili, namwona mabega yanalegea, uso unafunguka, anauliza, "Baba, leo tunaenda wapi?" Namkabidhi fimbo.

Mke wangu akanishika siku moja. "Unamwita! Daktari alikataza."

"Sijamwita mtu. Napiga mluzi kwangu. Sasa hata mluzi ni kosa?"

"Unajua unachokifanya, baba Wambura."

"Anapenda mwenyewe kuchunga. Muulize."

"Nimuulize yupi?"

Nilichukua kofia nikatoka.

Ikafika siku ya kikao cha wazee wa rika letu. Siku hiyo nilikuwa niketishwe kwa mara ya kwanza miongoni mwa wanaoamua mashauri. Nilikuwa nimeisubiri heshima hiyo tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Koti lilipigwa pasi. Mke wangu alikuwa amekwenda kwenye usafi wa kanisa na wanajumuiya wenzake. Ng'ombe walikuwa bado bomani, wanalia kiu, na ngurumo ilikuwa inasikika upande wa ziwani.

Nikapiga mluzi.

Wambura akaja. Kola ilikuwa mdomoni.

Niliiona! Usije ukafikiri sikuiona. Nilisimama naye uso kwa uso nikaiona kola imelowa mate, nikajua kabisa kwamba aliyekuja ni wa minne. Ngurumo ilikuwa imemtisha, na mimi nikaja na mluzi wangu juu yake. Nikajisemea, atabadilika njiani, akifika kwa ng'ombe atakuwa wa tisa. Nikampa fimbo. Akaishika kwa mikono miwili kama anayeshika mwiko.

"Peleka ng'ombe lamboni wakanywe, uwarudishe."

"Twende wote, baba."

"Nina kikao. Wewe si mkubwa?"

Akatikisa kichwa kukataa. Nikamgeuza mabega, nikamsukuma kidogo, nikafungua boma.

Nilikaa kwenye kiti changu kipya kwa muda usiotosha hata kukipasha joto. Tukasikia kelele barabarani. Akaingia Magesa, nimwite hivyo, mwenzangu wa rika moja, ameshika kamba, na mwisho wa kamba amefungwa mikono mwanangu. Nyuma yao wanakuja vijana wawili wa Magesa na watu wengine wa kutazama.

"Wazee, shauri la kwanza hili hapa!" Magesa akasema. "Ng'ombe wote wako kwenye mihogo yangu, wanakula kama wamealikwa harusi. Mchungaji yuko chini ya mti, amejiziba masikio. Namuuliza, wewe, huoni? Ananililia! Mwanaume mwenye ndevu, ananililia mimi!"

Watu wakacheka.

"Amelewa huyo," mmoja akasema.

"Nimemnusa. Hanuki kitu. Labda anatuchezea."

Wambura alikuwa na damu mdomoni. Vijana walikuwa wameshampiga. Macho yake yalizunguka kwenye ule umati uso kwa uso mpaka yakanifikia. Na aliponiona, uso wake ukatulia! Ndugu yangu, hicho ndicho kinachoniua. Alidhani yamekwisha, baba yuko hapa.

Akanyoosha ile mikono iliyofungwa.

"Baba, nibebe."

Kicheko kilichofuata sijapata kukisikia kingine kama hicho. Magesa akanigeukia. "Haya mzee mwenzangu, mbebe basi! Ila angalia kiuno, usimwangushe mtoto!"

Alipokuwa na miaka minne kweli, nilikuwa nambeba mgongoni kwenda kwa bibi yake, ng'ambo ya mto. Alikuwa analala shavu lake likiwa shingoni kwangu. Aliposema lile neno nililihisi shavu lake shingoni, pale pale, kwenye kiti cha wazee.

Ningeweza kusimama. Ningeweza kusema, wazee, mwanangu anaumwa, boti iliwaua wenzake, leo yeye ni mtoto mdogo, na aliyemtuma ni mimi. Mihogo nitailipa. Ni maneno machache tu.

Nilisema hivi: "Huyo alishatahiriwa. Alisimama mbele ya kisu bila kupepesa macho. Ni mtu mzima. Muulizeni mwenyewe."

Basi wakamuuliza. Kwa desturi yetu mtu mzima mwenye kosa anasimama katikati, peke yake, anajibu kwa sauti ya kusikika. Wakamsimamisha. Swali likaja, jingine likaja, mmoja akampigia kelele ajibu. Yeye alinitazama mimi tu, anangoja. Alingoja mpaka suruali yake ikalowa mbele ya watu wote.

Hapo kicheko kikakatika. Hata Magesa akaiachia kamba.

Mke wangu alifika mbio, alikuwa ameitwa. Hakuuliza kitu. Alifungua kitenge alichojifunga juu ya gauni, akamfunga mwanawe kiunoni, akamfungua kamba kwa meno, akamshika mkono. Alipopita kwenye kiti changu akasimama.

"Asubuhi ulimwona ana kola mdomoni?"

Nikajifanya natengeneza koti.

"Nimekuuliza, ulimwona?"

"Nilimwona."

Akaondoka. Mpaka leo hajaniuliza swali jingine. Tunakula pamoja, ananitengea maji ya kuoga, ananijibu nikisema. Kuniuliza, hapana.

Nilipofika nyumbani Wambura alikuwa nyuma ya nyumba. Wa kumi na mbili. Nikaanza kumwambia kwamba wale watu ni wakorofi, kwamba mambo yalitokea ghafla. Akaniacha niongee mpaka nikamaliza. Akachukua ile fimbo ya kuchungia, ambayo mimi ndiye niliyemchongea, akaivunja gotini, akaviweka vipande miguuni pangu. "Umemaliza?" akasema. Basi.

Siku chache baadaye, akiwa mtu mzima, alifunga begi lake. Nikamwambia nisamehe. Akasema, "Mimi nimekusamehe, baba. Ila yule mdogo siwezi kumsemea. Anakuogopa." Akaenda Guta, kule Bunda, kwa mjomba wake, na huko yuko mpaka sasa.

Wazee walinitoza faini nikalipa. Kiti changu ninacho bado. Hakuna aliyeninyang'anya. Ningependa waninyang'anye!

Nimekwenda Guta. Nilifika mke wangu akiwa ametangulia kumwona. Nikiwa bado nje ya uzio nikasikia kicheko cha Wambura, kile cha utotoni, na mama yake anamwambia, "Haya, tonge la mwisho, fungua mdomo." Nikasimama pale nikisikiliza kama mwizi. Ningetoa ng'ombe wote niliobaki nao ili niingie nimkute hivyo.

Nikapiga hodi.

Kicheko kikazima. Halafu mlango ukafunguliwa, akatoka mwanaume mwenye ndevu, amefunga vifungo vyote vya shati. Akaniletea kiti.

"Shikamoo mzee. Za Butiama? Ng'ombe hawajambo?"

Marahaba. Nzuri. Hawajambo. Hayo ndiyo mazungumzo yetu. Kila ninapokwenda ananipokea mtu mzima, mwenye adabu zote. Wa tisa hajaniuliza tena habari za ndama. Wa kumi na mbili hata kunikasirikia hataki. Na wa minne akisikia sauti yangu anakimbilia huko ndani alikojificha. Anamwachia mtu mzima kazi ya kunipokea. Mwanzoni nilikuwa naona haya kwamba mwanangu anarudi utotoni. Sasa harudi mbele yangu hata kidogo, na ndiyo adhabu yenyewe.

Wewe unayesoma, ukiwa na mtu wa namna hii nyumbani, mumeo, dada yako, mwanao, usikazane kuangalia ndevu zake wala kitambulisho chake cha kura. Jifunze ni wa miaka mingapi leo, leo hii, siyo jana. Wa minne mpe mtu wa kukaa naye. Wa tisa mpe kazi ndogo na sifa nyingi, lakini usimgeuze punda wako. Wa kumi na mbili mpe ukweli. Na usimwite aje kwa faida yako, maana hujui atakayeitika ni yupi.

Watu wakicheka, waache wacheke. Kicheko kile kiliisha kabla ya saa ya chakula. Watu wamekisahau. Magesa mwenyewe ananisalimia vizuri.

Kuna wanaojaribu kunifariji. Wananiambia, mzee, na magoti hayo ungembebaje mtu mzito vile? Kweli, nisingeweza. Nimelifikiria jambo hilo sana. Nisingeweza hata kumwinua.

Lakini ningeweza kuchuchumaa. Ningeweza kushuka kwenye kile kiti, nikageuza mgongo wangu mbele ya wale wazee wote, nikachuchumaa. Yeye angeelewa.