Adabu ilivyokaribia kuninyima PhD ya ubongo, na Profesa aliyeniokoa sokoni Chake

Wakuu, salaam kwenu, mlio kazini na mnaojifanya mko kazini.

Kabla shule haijanikamata nilikuwa nauza viatu vya mtumba Gombani siku za mechi, kwa hiyo kusifia mali mbovu nakuweza. Hapa lakini naandika kweli tupu, yamenikuta mwenyewe.

Mimi mtu wa Gando, Pemba. Nilipata nafasi ya PhD ya neuroscience, sayansi ya ubongo na mishipa ya fahamu, kupitia mpango wa kusaidia wanafunzi wanaotoka sehemu ambazo fani hii haijawahi kupata mtu.

Siku ya kwanza nikaangalia darasani Wapemba tuko wangapi. Mmoja. Nikahesabu tena. Mmoja, na ni mimi.

Msimamizi wangu alikuwa mama wa makamo kutoka bara, sote tukimwita Prof. Utafiti wetu ulikuwa Micheweni, kwa watoto wenye kifafa. Unamvisha mtoto kofia yenye nyaya, mawimbi ya ubongo yanatoka kwenye kompyuta, unayasoma.

Kichwa changu kilikuwa sawa. Tatizo lilikuwa mdomo.

Mimi nimelelewa chuo cha Qur'ani. Mwalimu akisema, unainamisha kichwa. Hata ukijua kakosea, unasubiri akumbuke mwenyewe. Msishangae Mpemba kukosa maneno. Barazani kwetu vyama vinabishaniwa mpaka kahawa inapoa. Ila pale barazani hakuna mwalimu wako.

Basi kwenye lab meeting, kikao cha maabara, Prof akiuliza nani ana maoni, wenzangu wanamrukia. Mimi natabasamu. Mwaka mzima natabasamu.

Kumbe wenzetu wa chuo kikuu tabasamu wanaliandika "hana mawazo yake". Na mwisho wa mwaka wa kwanza kila mtu anakaa mbele ya jopo la watahini. Likikukataa, safari yako imeishia hapo. Prof aliniita akaniambia waziwazi kwamba kwa hali ile hana la kunitetea.

Wiki iliyofuata tukaja Pemba kikazi. Prof akataka kununua kawa, lile la kusukwa kwa ukili, la kufunikia chakula, pale soko la Chake. Muuzaji ni Bi Time, umri wa bibi yangu. Prof akataka kulipa bei ileile aliyotajiwa. Ningelinyamazia hilo ningeumwa.

Nikampa Bi Time shikamoo yake, nikamuulizia na wajukuu, kisha nikamwambia ukingo umelegea, rangi itachuja, na huo ukili si wa mwaka huu.

"Weye mjukuu wangu," akasema, "macho hayo umezaliwa nayo au umeazima?"

"Ya kuazima, Bi. Ndiyo maana nayatumia sana."

Akacheka, akautetea ukili wake. Nikamkatalia, akanikatalia, tukakutana katikati. Akaniombea dua nipate mke mwenye subira.

Kwenye gari Prof aliliweka kawa mapajani. Halafu akaniuliza:

"Yule bibi umemkatalia kila neno na amekuombea dua. Mimi mwaka mzima hujanikatalia hata nukta. Kwa nini?"

"Bi Time ananiuzia, Prof. Wewe unanifundisha."

Akaligonga kawa kwa kidole.

"Basi kuanzia leo nakuuzia."

Nilidhani utani. Asubuhi yake akafungua laptop, akanionesha mawimbi ya haraka pembeni mwa kichwa, akasema hizo ni dalili za kifafa. Anauza. Nitoe bei.

Wakuu, hilo jambo nilikuwa nimelibeba moyoni miezi. Nikamwambia mali ina kasoro. Watoto wetu wakivishwa ile kofia wanaogopa, wanasoma sura chinichini, taya zinacheza. Mimi ndiye niliyekuwa nakaa nao. Mengi ya yale ni misuli ya taya, ubongo haumo.

Hakukubali kirahisi. Akaleta rekodi za watoto waliopimwa wakiwa wamelala, nao mawimbi wanayo. Hao nikamwachia. Waliokuwa macho nikawakatalia. Akavuta, nikavuta, mwisho tukakubaliana kuwapima upya, safari hii kila mtoto kashikwa mkono na mama yake mpaka taya itulie.

Nyingi za zile dalili zikapotea.

Siku ya jopo, mzee mmoja akaniuliza utafiti wa msimamizi wangu una udhaifu gani. Nikamtazama Prof. Akaweka kalamu chini, akakunja mikono, akasubiri kama mtu mwenye duka.

Nikasema yote. Nikapita.

Watu wanadhani kumsaidia mtu wa kwetu kwenye PhD ni ada na tiketi. Alhamdulillah, nilivipata na nashukuru, sirudishi. Lakini kilichonibakisha pale ni mtu aliyeuliza kwa nini nimenyamaza, wakati wengine walikuwa wanaandika tu kwamba nimenyamaza. Mungu amlipe kheri.

Mwaka huu kwenye mpango wetu kaja binti wa Micheweni, kimya vilevile. Nimemuuliza ni wapi anapobishana vizuri. Kasema jikoni, na mawifi zake. Tumeanzia hapo.

Na nyinyi mliosoma, mdomo wenu ulifungukia wapi? Mwageni hapo chini. Anayetaka kunibishia atangulie.