Joto la Balbu ya Zamani

Kang'ethe alikuwa fundi wa maabara. Miaka kumi na mmoja ya mwisho ya kazi aliifanyia Mombasa, akipima maji ya bahari, na alipostaafu akarudi Nakuru na mazoea ambayo mkewe, Wamaitha, hakuyaelewa kamwe: kufuga kipande cha bahari sebuleni. Tangi lenyewe halikuwa kubwa, lilitoshana na sanduku la mwanafunzi wa bweni. Ndani mlikuwa na mawe, matumbawe ya kijani na ya zambarau, na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Maji ya chumvi aliyachanganya mwenyewe. Wamaitha alipangusa kioo kwa nje tu. Ya ndani hayakumhusu.

Halafu mapafu ya Kang'ethe yakaanza kufa. Kufikia Mei mwaka juzi hakuweza kutembea hadi kwenye geti bila kuketi njiani. Daktari aliagiza awekewe mashine ya oksijeni nyumbani, na kwa kuwa chumba cha kulala kilikuwa kidogo, kitanda kikahamishiwa sebuleni, mashine upande mmoja, tangi upande wa pili.

Siku ya tatu stima ya sebule ilikatika. Wamaitha akairudisha, ikakatika tena. Wakati huo wote Kang'ethe alikuwa akihema kama mtu aliyepanda mlima Menengai mbio. Fundi wa stima alipofika, alifungua soketi na kuwaonyesha waya uliogeuka mweusi.

"Mzee, hii waya ni nyembamba, haiwezi kubeba mashine pamoja na hiyo balbu yako," alisema. "Mpaka mwenye nyumba akubali tubadilishe waya zote, kimoja lazima kitoke."

"Balbu itoke," Wamaitha akasema kabla mumewe hajafungua mdomo.

Balbu hiyo ilining'inia juu ya tangi, kubwa na yenye moto kiasi kwamba hakuna aliyethubutu kuigusa ikiwaka. Lakini matumbawe hayaishi bila mwanga. Kang'ethe akampigia Shiru, binti yao aliyekuwa Nairobi, amtafutie taa ya LED, ambayo haili stima nyingi. Baada ya siku mbili ikaja, nyembamba kama kitabu.

Kang'ethe hakuweza kuinua mikono. Wamaitha alipanda stuli, akaifunga taa mwenyewe, mumewe akimwelekeza kutoka kitandani na kunyamaza kila baada ya maneno machache ili apate pumzi.

"Usiiwashe yote. Hii ni kali kuliko ile. Matumbawe yataungua, yageuke meupe. Anza na asilimia ishirini. Kila wiki uongeze kidogo."

"Nimesikia, Baba Shiru."

"Rudia."

"Ishirini. Kila wiki kidogo."

Akamfanya arudie tena. Taa ikawaka, maji yakawa ya samawati, na stima haikukatika. Kwa wiki mbili walikuwa na amani.

Julai ikaleta baridi yake. Asubuhi mtaa wao wa Kiamunyi ulizama kwenye ukungu hadi saa nne, na Wamaitha alipika akiwa na sweta mbili. Kang'ethe akashikwa na homa, akalazwa. Wamaitha alikaa naye hospitalini mchana, na kulala kwa dadake aliyeishi karibu na hapo. Siku ya nne akarudi nyumbani kuchukua nguo.

Harufu ndiyo iliyomlaki mlangoni. Samaki mmoja alikuwa amelala ubavu juu ya mchanga, wa pili alikuwa amekwama kwenye bomba la pampu. Matumbawe yalikuwa yakiyeyuka kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni. Alipotia mkono majini, mara ya kwanza maishani mwake, aliyakuta baridi kama ya mfereji. Hita ndogo ya kupasha maji, iliyokuwa kwenye kona ya tangi, ilikuwa imezimika.

Jioni hiyo Kang'ethe akauliza, "Samaki wako aje?"

"Wamekula," akajibu.

Kesho yake aliuliza tena, na Wamaitha akashindwa kuendelea. Akamwambia yote. Kang'ethe alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Ile balbu ndiyo ilikuwa inapasha maji mchana," akasema hatimaye. "Hita ilikuwa inasaidia usiku tu. Taa mpya haina joto. Hita imefanya kazi bila kupumzika mpaka ikaungua. Nilikwambia tuweke kubwa?"

"Hukuniambia."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

Akafumbua macho. "Watu wakiniuliza habari ya kubadilisha taa, hilo ndilo nilikuwa nawaambia kwanza."

"Ni samaki tu, Baba Shiru. Tutanunua wengine."

"Si samaki. Nimesahau kitu nilichokijua miaka ishirini. Nimesahau nini kingine?"

Wamaitha alimvutia blanketi hadi mabegani. Wiki hiyo Kang'ethe alikuwa amemwita mara mbili kwa jina la dada yake mwenyewe, aliyekufa zamani.

Waliporudi nyumbani walikuta jiwe moja ambalo bado lilikuwa na uhai, tumbawe lililogeuka la kahawia na kujikunyata kama sikio la mzee. Walinunua hita kubwa, lakini Kang'ethe hakutaka samaki wengine. Alitaka Wamaitha achukue daftari aandike. Kila asubuhi alimsomea kutoka kichwani: kiasi cha chumvi, joto la maji, namna ya kusafisha pampu. Siku nyingine alirudia somo la jana neno kwa neno, akidhani ni jipya. Wamaitha aliliandika tena kwenye ukurasa mwingine, bila kumwambia.

Alifariki Jumanne moja ya Septemba, saa tano asubuhi. Wamaitha alikuwa akibadilisha maji, mgongo umemwelekea. Alimaliza ndoo ya pili, akauliza, "Sasa nifanye nini?" Mashine ilikuwa inanguruma kama kawaida. Aligeuka kwa sababu hakujibiwa.

Walimzika Njoro, kwenye shamba la babake. Majirani walidhani mjane angeliondoa tangi, lakini aliliacha pale. Alilitunza kwa kufuata daftari, si kwa mapenzi, na tumbawe likajikunjua na kutoa vichipukizi vitatu. Ilipofika Aprili likaanza kunywea. Alisoma daftari lote, kurasa zilizorudiwa na zisizorudiwa, akapima joto, akapima chumvi. Vyote vilikuwa sawa.

Jumapili Shiru alipiga simu. Waliongea habari za kanisa na za mvua iliyochelewa, ndipo akauliza, "Na jiwe la Baba, Mum?"

"Lilikufa Alhamisi."

"Kwa nini? Si ulisema limeshika vizuri?"

"Sijui," Wamaitha akasema. "Mimi najua yale aliyokumbuka tu."