Maji Safi Kuliko Yote

Tusajigwe alizaliwa na kinyaa kama wengine wanavyozaliwa na vidole sita. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba hata ziwa alilitazama kwanza kabla ya kunyonya, na ingawa hapo nadhani mama alitia chumvi, yaliyofuata nimeyashuhudia. Ana miaka thelathini na minne sasa, na kikombe chake cha bati hukaa ndani ya mkoba. Ukimpa mkono huukagua kabla ya kuupokea. Kwa mama lishe hajawahi kukaa.

Baba yake, mtu wa Tukuyu, alibeba ngozi za ng'ombe Vingunguti kwa miaka ishirini, na kila jioni aliingia nyumbani na uvundo usiotoka kwa sabuni. Binti akaapa kwamba kazi yake yeye itakuwa safi. Siku moja, akiwa darasa la saba, alitumwa ofisini kwa mwalimu mkuu akaiona kompyuta imefunikwa kitambaa cheupe cha kudarizi, kimenyooshwa kwa pasi. Akaamini pale pale kwamba kitu kinachofunikwa kitambaa cheupe hakiwezi kuwa na uchafu.

Masikini, hakufunua. Angefunua angewakuta mende. Miaka kumi na miwili ya ufundi wa kompyuta imemwonyesha yaliyomo: mayai ya mjusi, unga wa chapati, nywele za kusuka, na mara moja panya na watoto wake sita wekundu juu ya nyaya walizozitafuna. Hufungua mashine akiwa na barakoa na glavu mbili mbili, uso kautupa pembeni. Ni fundi hodari, hilo hakuna anayelipinga. Wateja hulalamika kitu kimoja tu, kwamba anaitazama mashine yako kana kwamba umeikojolea.

Deogratias alikuwa mteja wake huko huko Vingunguti. Anaishi na mama yake mzazi, Eufrazia, mtu wa Mbinga ambaye mtaa mzima humwita Mama Deo. Deogratias aliacha ukarani ili ahariri video za harusi, na nyumba nzima inakula kupitia mashine hiyo moja. Ili ifanye kazi haraka, aliipandisha kasi kuliko ile iliyopangiwa kiwandani, kama dereva aliyechokonoa kidhibiti mwendo cha basi. Mashine ikakimbia kweli, lakini ikawa inachemka mpaka inajizima yenyewe katikati ya kazi. Akamwita fundi amchagulie kipoza: feni kubwa, au mfumo wa maji.

Ubaya wa nyumba ile ni jirani. Mlango wa pili kuna kijiwe cha supu ya kongoro, na tangu alfajiri wanababua kwato na vichwa vya ng'ombe kwenye moto, moshi wote unaingia dirishani kwa Deogratias. Tusajigwe alipofungua ubavu wa mashine, alirudi nyuma hatua moja. Feni ndogo ya zamani ilikuwa imevaa mafuta ya njano yaliyoganda, mazito kama ugali uliolala, na ndani ya mafuta hayo walinasa nzi, wengine wazima, wengine mabawa tu. Alisugua kwa spiriti na mswaki kwa saa nzima, akitema mate kwenye karatasi.

Mama Deo akamletea chai. Fundi akashukuru, akangoja mama atoke, akaimwaga yote kwenye kopo la mshubiri lililokuwa mlangoni.

"Sasa sista, tuweke feni au maji?" Deogratias akauliza.

Jibu alilijua. Kwa nyumba ile ni feni kubwa lenye mapezi mapana. Feni halina siri: likifa unaliona limekufa, likichafuka unalisafisha. Maji hupoza vizuri na hayapigi kelele, ila yanataka mtu wa kuyaangalia, maana yana pampu, yana mipira, yana viungio, na kila kimoja kina siku yake ya kukusaliti. Lakini feni la nyumba ile lingetaka kusafishwa kila baada ya wiki mbili, na wa kulisafisha angekuwa nani? Aliwatazama wale nzi.

"Maji," akasema. "Maji ndo yenyewe, braza. Yanazunguka humo humo ndani, hamna moshi wala mdudu wa kuyagusa."

Siku ya kufunga alikuja na maji ya betri, yale ya madukani kwa vipuri vya magari, ambayo hayana chumvi wala kitu kingine chochote. Chupa nzima ikaishia kwenye tangi dogo la plastiki na mipira yake. Alifunga haraka haraka, pumzi kaibana, na kiungio kimoja hakukikaza sawasawa. Kwenye tangi akachora mstari mwekundu, kisha akamwelekeza Mama Deo, kwa kuwa Deogratias wikiendi zote huwa kwenye harusi za watu.

"Mama, yakishuka chini ya huu mstari, yaongeze. Ila yawe maji safi kuliko yote. Si ya bomba, si ya kisima, si ya mvua, hata haya ya kunywa ya dukani usiweke. Wiki ijayo nakuletea chupa."

Wiki ijayo hakwenda. Wala iliyofuata. Kila alipoikumbuka ile chupa aliukumbuka na ule moshi, akatafuta kazi ya upande mwingine wa mji. Miezi minne ikakatika.

Ndipo Deogratias alipopiga simu. Mashine ilikuwa inajizima kila baada ya dakika kumi, na wenye harusi walitaka video yao Jumapili. "Sista, hii ikifa mie narudi kuomba ukarani," alisema, na hakuwa anatania.

Fundi akaenda. Kwenye kiungio kile kilicholegea kulikuwa na ukoko mweupe wa chumvi. Alipochomoa mpira, kikatoka kitu kisichokuwa maji tena. Kilikuwa ute wa kijani, mzito, wenye nyuzinyuzi, ukining'inia kama kamasi la mtoto mgonjwa, na harufu yake ilipita glavu na barakoa ikamkaa kwenye ulimi. Akakimbilia uani akatapika mbele ya wanywa supu, ambao walimtazama bila kuacha kunywa.

Aliporudi aliuliza ni maji gani yaliyotiwa humo.

Mama Deo akainama akavuta dumu chini ya kitanda. Lilikuwa limebandikwa msalaba wa karatasi. "Ya baraka," akasema. "Padri aliyabariki Pasaka, akayatia na chumvi kama ada. Ulisema si ya bomba, si ya kisima, si ya mvua, wala ya dukani. Nikajiuliza, yamebaki yapi? Kila Jumapili nikitoka misa ya kwanza nikawa naongeza kidogo, naiombea na kazi ya mwanangu."

Deogratias akashika kichwa. "Mama, umeniua. Umeniua na dini yako."

Mama mtu mzima alilirudisha dumu chini ya kitanda polepole, akabaki ameinama hivyo hivyo.

Tusajigwe angeweza kunyamaza. Lawama ilishapata mtu wa kuibeba, na yeye alikuwa amesimama pale na glavu zake, safi. Lakini aliutazama ule mgongo wa mama na akajisikia mchafu, uchafu usiofikiwa na spiriti wala mswaki.

"Si mama," akasema. "Ni mie. Kiungio sikukikaza, maji yakawa yanavuja, na chupa niliyoahidi sikuleta. Na hapa haikuwa ishu ya maji tangu mwanzo. Panafaa feni, nililijua hilo. Sikutaka kuja kusafisha."

Deogratias akamtazama. "Kwa hiyo mashine yangu uliichagulia kipoza kwa pua yako."

"Ndiyo."

"Mie nilijua hapapendi," Mama Deo akasema bila hasira. "Chai yangu aliupa mshubiri. Nilimwona dirishani."

Tusajigwe alitamani ardhi ipasuke. Alivua mfumo mzima wa maji, akasafisha ute wote kwa mikono yake, akanunua feni kubwa, akalifunga. Mashine ikawaka. Ilibidi irudishwe kwenye kasi yake ya kiwandani, na Deogratias akakesha siku tatu, lakini Jumapili wenye harusi walipata video yao.

Sasa kila baada ya Jumamosi mbili anakwenda na mswaki wake kung'oa mafuta na nzi. Hajazoea, na msimwamini atakayewaambia kwamba kinyaa huzoeleka. Akimaliza, Mama Deo humletea chai, na juu ya chai huwa kuna utando mwembamba unaong'aa, wa ule ule moshi wa kwato. Kikombe chake cha bati hukiacha mkobani. Hukaa kwenye kigoda, mama akimtazama, akainywa yote mpaka majani ya chini, na kila funda linamchefua.