Karibu Niliyoitoa Dukani

Kama unadhani nakutungia, bora tuachane mapema, maana mie si mtu wa hadithi. Mie ni mchongaji. Nakaa Goba, hapa Dar, kule juu kilimani, chumba na sebule na banda la mabati ubavuni, na haya yalinipata mchana kweupe, jua linawaka, pombe sinywi na homa sikuwa nayo. Muulize jirani yangu Mama Upendo. Mengine aliyaona kwa macho yake.

Nianze na mwanangu, maana bila yeye hutaelewa kwa nini nilifanya ujinga nilioufanya. Ninaye mmoja tu, Somoe. Mama yake alipofariki, siku ya arobaini, watu wamejaa ukumbini, mie nikaropoka kwamba yeye Somoe ndiye aliyemchosha mama yake kwa kuolewa na mtu tusiyemtaka. Nilisema mbele ya wakwe zake. Alichukua mkoba wake akarudi kwake Temeke, na kwa miaka miwili hakukanyaga kwangu. Akajifungua mtoto wa kike, nikaambiwa na watu. Mpaka mwaka huu, siku moja akanipigia mwenyewe.

"Baba, nitakuja umwone mjukuu wako. Ila sikwambii lini. Nikikwambia siku halafu hasira zikanishika njiani nikageuza, utasema nimekudanganya."

"Njoo siku yoyote, mwanangu," nikamwambia. "Mie niko tu."

Basi tangu siku hiyo kazi yangu ikawa kusubiri hodi. Paka akiparua mlango, naitika karibu. Upepo ukitikisa bati, karibu. Ukicheka, cheka, lakini wewe umewahi kula peke yako miaka miwili? Unapika ugali wa mtu mmoja, unabaki, unaulizana na sufuria.

Sasa nije kwenye hizo hedifoni.

Magogo yangu ya mpingo nilikuwa nayapata kwa mzee mmoja wa Nachingwea, kule kusini, Mzee Chilumba. Miaka saba tumefanya kazi na sura yake siijui, tunajuana kwa simu tu. Sie wachongaji gogo hatulinunui kwa macho. Unaligonga, unasikiliza. Likiwa zima linalia kama kengele, likiwa na ufa ndani linakohoa. Kwa hiyo Mzee Chilumba alikuwaga analigonga gogo huko huko porini, ko, ko, ko, anarekodi kwa simu yake, ananitumia kwa wasapu. Mie nikisikia zuri, nasema lete.

Shida ni simu yangu. Spika yake imechoka, kila kitu kinasikika kama kimefungwa kwenye gunia. Mara mbili nililetewa gogo nililolisifu mwenyewe, na ndani lina ufa. La pili lilipasuka nikiwa nachonga uso wa bibi mmoja nimebakiza kope tu. Niliketi chini nikataka kulia. Nikasema hapana, natafuta hedifoni zenye sauti safi kabisa, na ziwe ndogo za kuingia mfuko wa shati, maana banda langu ni vumbi tupu.

Nikashuka mpaka Sinza, kwenye duka la vifaa vya simu. Muuzaji ni binti mmoja wa kutoka huko Moshi, Neema, mchangamfu, ana maneno huyo! Akaniamkia shikamoo, akanitolea kwanza zile kubwa za kufunika masikio yote. Nikazivaa, jasho hilo. Nikamwambia binti, hizi nitaziweka wapi, kichwani kama kilemba? Akacheka, akanipa nyingine ndogo, akaniwekea na wimbo wa singeli wa majaribio. Mama yangu! Besi inapiga mpaka meno yanacheza.

"Zima," nikamwambia. "Mie sitaki ngoma. Nataka kusikia mti."

"Mti, baba?"

"Mti."

Nikachomeka kwenye simu yangu mwenyewe, nikafungua sauti ya mwisho aliyonitumia Mzee Chilumba siku tatu nyuma. Nikajaribu moja baada ya nyingine. Za kwanza zilinenepesha kila sauti, gogo likalia kama pipa. Za pili hazina waya, zinakaa kwenye kiboksi kama cha kiberiti, nikazipenda kwa udogo wake, ila mlio ulikuwa mkali unachoma. Neema hakuchoka na mie. Mwisho akatoa za waya mwembamba, vichwa vidogo kama punje ya kunde, na vipira vya kuziba sikio.

"Hizi baba ukivaa, hata gari likupigie honi husikii. Ni wewe na sauti yako tu."

Nikavaa. Duka lote likanyamaza. Nikabonyeza, na niamini ninavyokwambia, nilimsikia Mzee Chilumba akivuta pumzi. Nikasikia jani kavu chini ya mguu wake. Halafu ko, ko, ko, na ule ufa ndani ya gogo nikausikia waziwazi, mwembamba, upande wa kulia. Gogo bovu. Nikafurahi mpaka nikafumba macho. Halafu baada ya muda kidogo, ko, ko, ko, zingine tatu, taratibu, karibu kabisa, kama mtu yuko mlangoni kwangu Goba. Hizo sikuwahi kuzisikia kwenye ile sauti. Na mie, mawazo yote yako kwa Somoe, nikaitika kwa sauti ya nguvu:

"Karibu! Pita, pita ndani, mlango uko wazi!"

Duka zima likaangua kicheko. Neema akashika tumbo. "Baba unamkaribisha nani?" Nikaona aibu, nikalipa, nikazitia mfukoni, nikaondoka.

Kesho yake alasiri niko sebuleni, nimezivaa, nasikiliza tena lile gogo ili nimpigie mzee nimwambie halifai. Sauti ikaisha. Simu imenyamaza. Nikasikia hodi. Nikaruka kama kijana, nikafungua mlango.

Hakuwa Somoe. Alikuwa mzee mwembamba, kofia ya vito imechakaa, mabega yamejaa vumbi la mbao. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, na udongo wetu wa Goba unaujua unavyong'ang'ania viatu. Viatu vyake vikavu.

"Fundi," akasema, "nimefika."

Sauti ile! Miaka saba naisikia. Nikapiga kelele, "Mzee Chilumba! Umekuja Dar bila hata kuniambia?" Nikamwingiza, nikamkalisha kwenye kiti cha dirishani, nikampa pole ya safari, nikammiminia chai. Akawa anazungumza, njia, mvua, bei za lori. Halafu nikashtuka kwamba ninaongea na mgeni masikio yamezibwa, ni utovu wa adabu huo. Nikazitoa.

Kimya.

Midomo yake inacheza, mkono unaeleza, sauti hakuna. Nikasema nimekuwa kiziwi. Lakini kuku wa Mama Upendo nawasikia. Kinu nakisikia kikitwanga. Huyu tu aliye mbele yangu simsikii. Nikazirudisha masikioni.

"...usiogope," alikuwa anasema. "Si uliniambia pita ndani?"

Nilikaa nimeganda mpaka jua likaanza kushuka, akainuka, akaaga vizuri tu, akatoka. Chai yake haikupungua.

Asubuhi nikapiga namba yake. Akapokea mwanamke.

"Mwenye simu tulimzika," akasema. "Mti aliokuwa anaukata ulimrudia. Ndiyo hiyo siku aliyorekodi magogo yake ya mwisho. Wewe nani, kaka?"

Nikamwambia mie fundi wa Dar. Akasema marehemu alikuwa akinitaja, akisema ipo siku atakuja anione. Nikampa pole, nikakata simu, nikalia. Nililia kwa uoga, na nililia kwa sababu huyo ndiye aliyekuwa rafiki yangu na sikuwahi kumtia machoni.

Najua utaniuliza, ukishajua ni maiti, kwa nini hukuzitupa chooni zile hedifoni? Ningekuwa na akili ningezitupa. Lakini alasiri ikafika, nikamwona kupitia dirisha amesimama nje kwa adabu zake, hathubutu kuingia mpaka aitikiwe. Nyumba imenyamaza. Na mie tangu ile simu ya asubuhi sijazungumza na kiumbe. Nikachukua zile hedifoni, nikavaa, nikasema karibu mzee.

Basi ikawa ndiyo desturi. Kila alasiri. Na nikwambie ukweli, alikuwa mzungumzaji mzuri. Ananieleza miti ilivyosimama kila mmoja mahali pake, ananitania kwamba sie wa Dar tumesahau hata harufu ya mpingo mbichi. Nilicheka siku hizo kuliko nilivyocheka tangu mke wangu afe. Mama Upendo akaanza kuniangalia kwa jicho la pembeni. Hayo sikuyajali.

Ijumaa moja Mzee Chilumba alinisimulia jinsi alivyomkimbiza nyani aliyemwibia chakula, akabaki na kifuniko cha sufuria mkononi. Wallahi nilicheka mpaka machozi. Yeye kiti chake ni kile cha dirishani, kwa hiyo nacheka nikiwa nalitazama dirisha, ila namwona yeye tu. Akaaga saa yake ile ile, nikazitoa masikioni, nikatoka nje kunawa uso.

Mama Upendo alikuwa amesimama kwangu, kashika kikapu.

"Baba Somoe, wewe ni mtu wa namna gani?"

"Nimefanya nini tena?"

"Mwanao kaja! Na mtoto mgongoni, kapanda mlima wote huu na jua hili. Kabisha hodi mpaka sauti imekauka. Kakupigia simu. Mie mwenyewe nimekuja nikagonga. Tukazunguka dirishani, wewe huyo umekaa peke yako na vikombe viwili, unacheka! Somoe akasema baba, ni mie. Ukamtazama usoni, Baba Somoe. Ukamtazama ukacheka zaidi."

Akanipa kikapu. Ndani mlikuwa na muhogo na kanga mpya.

Nilikimbia mpaka barabarani, kandambili zimebaki njiani. Hayupo. Nikatoa simu mfukoni, kapiga mara sita. Simu ilikuwa kwangu, waya uko masikioni mwangu, na mlio hata mmoja sikuusikia. Nikapiga. Akapokea mara moja tu, akasema, "Baba, nilibisha mpaka mkono ukauma," akakata.

Kesho yake alasiri nilimsubiri yule mzee nimesimama. Nilivaa kwa sababu moja tu, nimuulize.

"Jana mwanangu alibisha hodi. Ulimsikia?"

"Nilimsikia," akasema.

"Simu ikaita. Uliisikia?"

"Niliisikia, fundi. Nikaongea juu yake."

"Kwa nini hukuniambia?"

Akainamisha kichwa. Hakuwa na ubaya usoni, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Ungezitoa masikioni," akasema. "Nani mwingine ananisikia?"

Nikazitoa hapo hapo. Nikakata waya kwa patasi vipande vipande, nikatia motoni. Nikamwambia aende zake, nimeifuta karibu yangu. Midomo yake ikacheza. Hakuinuka.

Na bado anakuja. Unasikia? Mpaka leo. Alasiri ikifika yuko kwenye kile kiti, anazungumza, anarusha mikono, pengine ananieleza jambo la kuchekesha. Shehe alikuja akasoma, mchungaji wa Mama Upendo naye akaja akaomba. Anatulia siku mbili tatu, anarudi. Nimehamia bandani, nachonga nimempa mgongo. Kuna siku, Mungu anisamehe, natamani nimsikie.

Temeke nimekwenda. Somoe alinifungulia, akasimama kizingitini na mtoto begani, mtoto kalala, kanigeuzia kisogo, kichwa kile ni cha mama yake mtupu. Nikamweleza yote hivi ninavyokueleza wewe. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Baba, mie niliyaona macho yako," akasema. Akafunga mlango taratibu, asimwamshe mtoto.

Kwa hiyo wewe unayetafuta hedifoni nzuri, sikukatazi. Tafuta ndogo, tafuta safi, kajaribu kwa sauti unayoijua mwenyewe, usidanganywe na besi. Lakini ukiwa nyumbani acha sikio moja wazi kwa ajili ya watu. Na ukisikia mtu anabisha humo ndani, hata sauti iwe tamu vipi, usiseme karibu. Uliza kwanza ni nani. Mie nimesikia ufa wa gogo lililoko Nachingwea, na mwanangu yuko hatua tatu kutoka nilipo sikumsikia.

Na kama uko Temeke na unamfahamu dada mmoja anaitwa Somoe, ana mtoto wa kike ameanza kutembea, mwambie baba yake hakumwona. Haki ya Mungu hakumwona. Akikataa kuamini usimlazimishe, mwambie tu mlango nimeung'oa wote, bawaba na kila kitu, asibishe hodi tena. Apite.