Upande wa Kulia wa Uso wa Mama

Muuguzi alimwambia mama mbele yangu, bila kupunguza sauti: "Mama, huo mkorogo ukiendelea nao figo zitakwenda. Hiyo miguu kuvimba si uzee."

Mama alikuwa akijipaka mkorogo, ule mchanganyiko wa krimu za kujichubua, tangu nikiwa darasa la tatu. Mwanzoni ulimng'arisha. Baadaye ukamwachia mabaka ya rangi ya majivu kwenye mashavu, na kila alipojaribu kuacha mabaka yalikolea, hivyo akarudi tena. Siku ile tulipotoka zahanati alijifunika kanga hadi chini ya macho, akasema, "Nimeacha. Lakini nipe kitu kingine, ng'wanone, mwanangu. Siwezi kukaa na uso huu hivi hivi."

Hicho kitu kingine nilikitafuta mimi. Naliandika hilo mapema, nisije nikajificha mbele ya safari.

Tunaishi Segese, kwenye machimbo ya dhahabu. Mimi nasuka nywele kwenye chumba cha mbele. Mama anaosha sampo, mawe ya kupimia dhahabu. Mtu akitaka kununua mawe ya duara fulani, yaani shimo la wachimbaji, huchukua machache, yanasagwa, na mama anauosha unga kwenye karai mpaka ibaki alama ya dhahabu, kama ipo. Wanamwamini kwa sababu hadanganyiki. Wapo wenye maduara makavu wanaonyunyiza chembe za dhahabu juu ya mawe ili mnunuzi aone mng'ao. Mama huligeuza jiwe mara moja, analirudisha. "Pasua," anasema. "Nataka kuona la ndani." Nimelisikia neno hilo maisha yangu yote.

Tangazo la barakoa ya taa nililiona kwenye simu. Ni kitu cheupe cha plastiki chenye umbo la uso, ndani kimejaa taa ndogo za LED. Walisema mwanga mwekundu huamsha seli zilizolala, hufuta makunyanzi na mabaka, hurudisha ngozi ya ujana, na kwamba kimethibitishwa kitabibu na kinafaa kila ngozi. Niliishia kidato cha nne. Mengine yote nimejifundisha mwenyewe, na anayejifundisha mwenyewe huwa anaogopa sana kuonekana mjinga. Nilisoma wiki tatu kabla ya kununua. Niligundua kwamba mwanga mwekundu si uongo mtupu: kuna waliopima wakaona makunyanzi madogo yamepungua kidogo, kwa vifaa ambavyo nguvu yake inajulikana. Maelezo ya hii barakoa hayakutaja nguvu yoyote. Hawakusema nani amethibitisha. Kwenye picha za kabla na baada, yule mwanamke wa "kabla" alikuwa amekaa kivulini. Nililijua hilo kwa kivuli cha hereni yake. Ngozi nyeusi haikuwepo hata moja. Kuhusu mabaka ya mkorogo sikukuta mtu makini anayeahidi chochote, na nilisoma kwamba mwanga wa bluu unaweza hata kuyaongeza.

Nilijua yote hayo, na bado nikanunua. Nilijiambia nitafanya jaribio lisilo na kasoro, na jaribio likiwa safi basi na mimi nitakuwa safi.

Nilibandika utepe wa gundi juu ya kitufe cha taa ya bluu. Nusu ya kushoto ya barakoa niliiziba ndani kwa karatasi ya foili, ili mwanga uguse shavu la kulia peke yake. Nilichora kwa chaki mahali pa kigoda, na mahali nitakaposimama mimi na simu. Saa tatu asubuhi, dirisha lilelile, kanga ileile mabegani. Bega likipinda kidogo nafuta picha, napiga tena. Mama alivumilia. Siku moja jirani yetu, mke wa fundi wa karasha, ile mashine ya kusaga mawe, alichungulia akamkuta mama amekaa na uso wa plastiki unaowaka nyekundu.

"Weee! Mmeanza kuchomelea mageti humu ndani?"

"Tunakuchomelea wewe mdomo," mama alijibu bila kuivua.

"Haya fundi. Ukimaliza uso njoo na kwangu, mlango wangu haufungi."

Mama alicheka mpaka barakoa ikamteleza. Ilikuwa muda mrefu sijamsikia akicheka akiwa uso wazi.

Wiki nne za kwanza hakukuwa na kitu. Mashavu yote mawili yalikuwa sawa, na niliandika hivyo kwenye daftari: hakuna, hakuna, hakuna. Nikaacha kula vizuri. Kichwa cha mteja nilikisuka nikakifumua mara mbili kwa sababu mstari haukunyooka, mpaka akanyanyuka akaondoka nusu kichwa. Mama alikuwa ananitazama. Aliuliza, "Na ikishindikana?"

"Basi itakuwa nimedanganywa kama wengine," nilisema. "Na wewe utarudi kwenye mkorogo."

Alichukua karai lake akatoka uani.

Wiki ya sita shavu la kulia lilianza kung'aa. Niliweka picha mbili pamoja, nikazikuza, nikafunika tarehe zake ili nisijipendelee, nikachagua iliyong'aa zaidi, na kila mara nilichagua ya karibuni. Nilimkumbatia mama pale pale juu ya chaki. Jirani aliitwa, akaligusa lile shavu kwa kidole, akasema, "Kumbe hizi taa!" Ndani ya siku chache wanawake watano walikuwa wamekuja kuangalia. Nilianza kufikiria kibao cha kuweka mlangoni.

Mama alikuwa ameanza kuvaa malapa yangu, makubwa kidogo kuliko yake. Nililiona hilo. Nilimwona pia akikaa chini katikati ya kuosha, jambo asilokuwa akilifanya. Daftari langu lilikuwa na safu ya shavu la kulia, safu ya shavu la kushoto, safu ya dakika, safu ya hali ya hewa. Halikuwa na safu ya miguu.

Siku niliyojua, nilikuwa nasafisha barakoa kwa pamba. Upande wa kulia, kwenye ukingo unaogusa taya, palikuwa na utando mweupe wa mafuta. Nilinusa. Harufu ya mkorogo siwezi kuikosea, nimekua nayo kwenye mito na kanga. Upande wa kushoto ulikuwa mkavu.

Mama alikuwa uani na karai lake. Nilimnyooshea pamba tu.

Aliitazama, akaendelea kuzungusha maji. "Kidogo tu," alisema. "Upande mmoja."

"Mama, figo!"

"Ulikuwa huli, ng'wanone. Unafumua vichwa vya watu."

"Kwa hiyo ukaninyunyizia dhahabu juu ya jiwe?"

Karai lilisimama. Hapo ndipo alipofunika uso, kwa mikono yenye tope. "Sikutaka uambiwe umedanganywa," alisema. "Wewe unaumia sana ukikosea."

Nilipiga magoti nikabonyeza kidole gumba juu ya kifundo cha mguu wake. Shimo lilibaki kwenye uvimbe.

Hospitali ya Kahama walimpima wakasema figo zimeshaumia sana. Daktari aliuliza alirudia lini ile krimu. Mama alinitazama mimi nijibu, kwa kuwa ndiye mwenye daftari. Nilihesabu nyuma nikasema, wiki ya tano ya jaribio. Daktari aliandika, akasema wataangalia dawa, lakini tusitegemee zirudi kama zamani.

Sasa mkorogo haupo ndani ya nyumba, na shavu la kulia limerudi kuwa jeusi, baya kuliko la kushoto. Mama haoshi sampo tena. Hawezi kuinama muda mrefu.

Wiki iliyopita yule jirani alikuja kuazima barakoa. Nilimweleza kila kitu, tangu muuguzi mpaka pamba. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mimi nililigusa lile shavu kwa kidole changu," alisema. "Kama hutaki kuniazima, sema tu hutaki."

Nilimgeukia mama anisaidie.

"Taa ilisaidia kidogo," mama alisema, akiangalia chini.

Jirani alipoondoka nilimuuliza kwa nini. Alisema hataki watu waseme nilimponza. Nilikaa sakafuni, pale chaki ilipokuwa, nikauvuta mguu wake mapajani kama ninavyofanya kila asubuhi, nikabonyeza, nikasubiri shimo lijae. Nikaandika kwenye safu mpya kwamba limechelewa kujaa kuliko jana.