Kiti cha Mwenyeji

Kazi niliyoipata baada ya kupunguzwa serikalini ilikuwa ya kuzuia wafadhili wasigongane. Hivyo ndivyo nilivyoieleza nyumbani, na mama yangu alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Lakini sikuwa natania. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, maduka yamejaa sabuni za kila rangi, mitumba imefika hadi kijijini Zuzu, na mashirika ya misaada yameingia Dodoma kwa wingi kiasi kwamba kijiji kimoja kiliweza kutembelewa mara nne katika wiki moja. Timu ya kwanza inapima watoto, ya pili inahesabu mbuzi, ya tatu inauliza maswali yale yale ya timu ya kwanza. Kuna vijiji ambako watu walishaanza kujibu kabla hawajaulizwa.

Mwishowe mashirika yenyewe yaliona aibu. Matano kati yao yakaunda ofisi ndogo ya pamoja, chumba kimoja na mashine moja ya kupiga chapa, nami nikaajiriwa kuwa karani wa uratibu. Kanuni ilikuwa timu moja, gari moja, ripoti moja. Kila shirika lilitoa mjumbe, wote wakapanda gari moja, wakaona kitu kimoja, wakatia saini karatasi moja. Kila Jumatano wajumbe walikutana kuamua kijiji gani kiingie kwenye orodha ya chakula na kipi kisubiri. Niliipenda kanuni ile, na mpaka leo sioni kosa lake. Gari letu lilikuwa na viti saba: vitano vya wajumbe, kimoja cha dereva, na kimoja tulichokiita kiti cha mwenyeji. Hicho kilikuwa cha mtu wa huko tuendako, anayewajua watu na lugha yao, na mimi ndiye niliyepanga nani akikalie.

Mwaka ule mvua ziligoma. Tukapangiwa kwenda kijiji kimoja kupita Gulwe, kando ya reli. Siku moja kabla ya safari alikuja ofisini nesi wa zahanati ya kule, mwanamke wa makamo, Mgogo, amepanda treni na daftari lake la kupimia watoto limefungwa kwa kitambaa.

"Shikamoo, Nesi."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia mnakuja kwetu. Nimekuja tuondoke wote, niwaonyeshe pa kwenda."

Nilipaswa kumwambia karibu, kiti chako kile pale. Badala yake nikashika ratiba kama mtu mwenye kazi nyingi na kumwambia nitaangalia nafasi.

Ukweli ni huu. Mkataba wangu ulikuwa unakaribia kwisha, na kiongozi wa timu ile, mama wa Kizungu aliyetoka makao makuu, mmoja wa wale wajumbe watano, ndiye angesema nani abaki. Nilikwishapunguzwa mara moja, nikajua jinsi majirani wanavyokusalimia ukiwa huna kazi. Nilitaka anione nikiwa kazini, huko vumbini, si nyuma ya mashine ya chapa. Kwa hiyo aliponiuliza kama naijua lugha ya kule nilimjibu bila kupepesa macho, "Naijua, nimezaliwa hapa." Na kiti cha mwenyeji nikajiandikia mwenyewe.

Kuzaliwa nilizaliwa kweli. Babu yake babu yangu alikuja na misafara ya biashara akakaa, nasi tumekuwa watu wa mjini tangu hapo, msikiti, duka na Kiswahili chetu. Wagogo walikuja dukani wakajifunza lugha yetu, sisi ya kwao hatukujisumbua nayo. Kigogo changu kilikuwa salamu ya mbukwenyi, bei ya kuku, na matusi mawili. Jambo hilo halikuwahi kunitia haya mpaka nilipodai kwamba lugha yao naijua.

Asubuhi nesi alikuwa langoni kabla ya dereva.

"Gari limejaa, Nesi," nikamwambia. "Safari ijayo, Mungu akipenda."

"Mmelijaza nini?"

"Wakubwa."

Akalitazama gari, akanitazama mimi niliyeshika mlango. "Haya, nendeni mkasalimie," akasema, akaenda zake stesheni kungoja treni ya kurudi. Sikuwa nimemuuliza alitaka kutuonyesha wapi. Wala lile daftari sikumwomba alifungue.

Kule kijijini tulifikia stesheni. Mtendaji wa kijiji alikuwa mgeni kutoka Moshi, ana wiki tatu tu pale, amevaa shati jeupe, anatoka jasho. Alitusomea taarifa. Watu wa stesheni walikuwa wakiuza karanga na maji kwa abiria, na nyuso zao hazikuwa za njaa. Wajumbe waliuliza, wakajibiwa kwa Kiswahili, wakajaza fomu. Tulikuwa karibu kuondoka wakati bibi mmoja mwembamba aliponishika mkono.

Nadhani alinichagua mimi kwa sababu ndiye niliyemwamkia kwa lugha yake. Alisema kwa muda mrefu, taratibu, kama anayemweleza mtoto mwerevu. Alionyesha ng'ambo ya mto wa mchanga, akahesabu vidole, akagusa tumbo, akaonyesha tena ng'ambo. Mimi nikawa naitikia, ehee, ehee, huku nikiandika kwenye kijitabu changu. Hata sijui niliandika nini. Kalamu ilikuwa inatembea tu ili nionekane nimeelewa.

"Anasema nini?" kiongozi wa timu akaniuliza kwa Kiingereza.

Kwa Kiingereza hicho hicho, ambacho hapakuwa na mwanakijiji wa kukisahihisha, nikamjibu: "Anashukuru kwa kutembelewa. Na anasema mvua zimechelewa."

Wajumbe watano wakaandika kwamba mvua zimechelewa. Nilikuwa nimeuona ule mkono ukionyesha ng'ambo. Ningeweza kusema twende tukatazame kule, hata kama sikuelewa neno. Lakini mtu akishadai kuwa ameelewa hawezi tena kuuliza, na mimi nilichagua kutouliza. Jumatatu nikapiga chapa ripoti ya pamoja: hali ya kijiji ni ya wastani, kisubiri. Saini tano zikakaa chini yake zimepangika vizuri. Mkataba wangu ukaongezwa.

Nesi alirudi baada ya mwezi. Safari hii hakungoja kukaribishwa, aliketi akafungua daftari juu ya meza yangu. Ng'ambo ya mto kulikuwa na kitongoji. Kila mstari ulikuwa mtoto, na uzito wake kila mwezi, na uzito ulikuwa unashuka.

"Nilitaka kuwapeleka huko," akasema. "Kwa nini hamkuvuka?"

"Hakuna aliyetuambia."

"Yule bibi anasema aliwaambia. Anasema alimweleza kijana mmoja wa mjini, akaitikia, akaandika. Ndiyo maana watu wa kitongoji hawakuondoka. Walikuwa wawapeleke watoto kwa ndugu zao Kongwa, ambako angalau kuna mtama. Bibi akawazuia, akasema ngojeni, imeandikwa."

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Sijawahi tena kuusikia msemo huo bila kuona aibu.

"Huenda alimwambia mtu wa shirika lingine," nikajibu. Huo ndio utamu wa timu ya pamoja, daima kuna shirika lingine. Nesi aliniachia daftari nilipeleke kwenye kikao cha Jumatano.

Jumatano ile sikulipeleka. Kulipeleka kungekuwa kueleza tulikosaje kusikia, na kiongozi alikuwa bado hajaondoka Dodoma. Lilikaa kwenye droo yangu wiki mbili, mpaka alipopanda ndege. Ndipo nikalitoa, nikasema tumepokea taarifa mpya. Wajumbe walishtuka kwa dhati, wakaafikiana kwa dakika chache, na lori likapangwa. Walikuwa watu wema. Wangeafikiana vivyo hivyo zile wiki mbili nyuma.

Nilifuatana na lori, na safari hii nesi alikaa mbele. Mto ulikuwa mkavu, lakini mchanga ulikuwa mwingi, lori likasimama ukingoni na watu wakavuka kwa miguu kutufuata. Bibi alikuja nao. Aliponiona alitembea moja kwa moja hadi kwangu, akanishika mkono kama siku ile, akawageukia wenzake akasema jambo, wakapiga vigelegele.

"Anasema nini, Nesi?"

Nesi alinitafsiria yote, neno kwa neno, bila kuongeza na bila kupunguza. Bibi anasema, huyu ndiye aliyeandika. Anasema watu walimcheka kwa kuwaambia wangoje, na leo wameona kuwa mtu wa mjini hakumdanganya. Anasema mjukuu wake mdogo amezikwa wiki iliyopita, lakini hana lawama juu yako, kwa sababu njia ni mbaya na ulikuja mapema kadiri ulivyoweza. Anakuombea kwa Mungu upate watoto wengi.

Kisha nesi akanitazama usoni, naye bibi akanitazama, wote wawili wakingoja jibu. Mkono wake ulikuwa mkavu na mwepesi ndani ya wangu. Nesi alikuwa pale, na ningesema lolote angelifikisha kama nilivyolisema.

"Mwambie nimeshukuru," nikasema.